Mhandisi wa kiwanda kaniambia "usiseme kwanza", na bosi Mmarekani anasubiri ripoti Jumanne

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka 31, naishi Shenzhen, kusini mwa Uchina. Nilikuja kwa ufadhili wa masomo, mwaka mmoja wa lugha na minne ya uhandisi wa viwanda kule Wuhan, kisha kazi ikanibakiza. Sasa ni mratibu wa mradi katika ofisi ndogo ya kampuni ya Kimarekani ambayo makao yake makuu yako Minneapolis. Tunatengeneza kihisi cha kuvuja maji: kiboksi cha plastiki kinachowekwa chini ya sinki, maji yakimwagika kinapiga kelele na kutuma ujumbe kwenye simu. Michoro inatoka Minneapolis. Kalibu, yaani umbo la chuma linalotoa sehemu za plastiki, na plastiki yenyewe vinatengenezwa katika kiwanda kimoja Dongguan, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Mimi niko katikati: natafsiri, nafuatilia tarehe, na kila wiki najaza jedwali la rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, ambalo bosi husoma kabla ya kikao. Kikao chenyewe ni Jumanne saa mbili asubuhi ya kwao, yaani saa nne usiku ya kwetu.

Sampuli za kwanza kutoka kwenye kalibu, zile tunazoita T1, zilipigwa katikati ya Desemba. Kwa wiki tatu nilimwuliza mhandisi mkuu wa kiwanda kama ziko sawa, na kila mara alinijibu "yinggai mei wenti", inapaswa kusiwe na tatizo. Nikajaza kijani.

Jana Alhamisi, Januari 8, alinialika chakula cha jioni. Tulikuwa wawili tu, jambo ambalo si kawaida yake. Samaki alipoletwa alinichotea nyama ya shavu akaniwekea kwenye bakuli, kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa tishu. Ni kifuniko cha kihisi chetu. Akakiweka juu ya kioo cha ile meza ya kuzunguka, akakigusa kona kwa kidole. Kikatikisika kama stuli yenye mguu mfupi. Akaniambia ukingo unaokaliwa na gasketi, ule mpira wa kuzuia maji, umepinda milimita 0.6, na mchoro unaruhusu 0.2. Maji yanaingia. Chanzo ni mbavu za ndani, vile vikuta vya kuimarisha plastiki, ambazo ni nene sawa na ukuta wenyewe, milimita 2. Katika ripoti waliyotutumia Oktoba kabla ya kuchonga chuma, ukurasa wa 14, kiwanda kilishauri mbavu ziwe milimita 1.1. Mbunifu wetu wa Minneapolis alijibu kwa maneno machache: bakisheni kama ilivyo.

Kurekebisha kunahitaji kipande kipya cha chuma ndani ya kalibu, siku 12 za kazi. Anasema ataanza Januari 22, mashine ikimaliza kazi ya mteja mwingine, atupe T2, yaani sampuli za awamu ya pili, zikiwa nzuri kabla ya kiwanda kufunga Februari 7 kwa ajili ya Mwaka Mpya wa Kichina, na mambo yaishie hapo. Akamalizia: "Xian bie shuo." Nisimwambie mtu.

Shangazi, Januari 20 bosi anasaini oda ya bodi 5,000 za umeme ambazo hazirudishwi, na siku hiyo hiyo analipa asilimia 40 ya bei ya kalibu, malipo yanayotolewa T1 ikikubaliwa. Mzigo unatakiwa kupanda meli Machi 20. Bosi ni mtu wa haki. Siku aliyoniajiri aliniambia hachukii habari mbaya, anachukia kushtukizwa. Lakini niliwahi kumsikia akiuliza kikaoni, mbele ya wote, "Nani alikosea hapa?" Upande wa kiwanda ukawa kimya, na kwa wiki mbili kila ujumbe wangu ulijibiwa kwa neno moja.

Na huyu mhandisi ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipofika sikujua kalibu inafunguka vipi. Alinitembeza mashine kwa mashine na kunitambulisha kama mwanafunzi wake.

Nikisema, nimemsaliti. Nisiposema, nimemdanganya anayenilipa. Mama nilimgusia kwa simu, akanijibu "mficha uchi hazai". Ni kweli, ila mama hajui Dongguan. Nifanye nini kabla ya Jumanne?

Wa Katikati, Shenzhen

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika Ijumaa usiku na naijibu leo Jumamosi asubuhi, kwa sababu Jumanne haiko mbali na viwanda vingi vya Dongguan hufanya kazi Jumamosi. Siku ya leo bado inakufaa.

Nikikuelewa vizuri, una habari ya kweli uliyopewa kwa imani, na una tarehe ambayo fedha za mtu mwingine zitatoka kwa sababu habari hiyo haijamfikia. Wewe umeyageuza hayo kuwa swali moja: msaliti au mwongo? Kabla hatujafika huko, naomba tuyatazame tena mambo matatu uliyoyaandika kana kwamba yamekwisha kuthibitika.

La kwanza ni tafsiri yako. Alisema "xian bie shuo", ukaandika kwamba usimwambie mtu. Wewe unakijua Kichina kuliko mimi, lakini hilo "xian" umelidondosha njiani. Kiswahili chetu kina neno lake kamili: usiseme *kwanza*. Ukimwambia dada yako "usimwambie mama kwanza", hujamwomba afe na siri. Umemwomba akupe nafasi, na mara nyingi umeshajua kwamba mama atajua. Halafu jiulize kwa nini alikualika peke yako, akabeba sampuli mfukoni, akakutajia hadi namba ya ukurasa. Mtu anayetaka jambo lizikwe hatembei nalo kwenye tishu. Katika kazi za Kichina habari nzito mara nyingi hupitia kwa mtu wa kati, *zhongjianren*, ili wakubwa wawili wasigongane uso kwa uso. Inawezekana kabisa kwamba kile chakula ndicho kilikuwa ripoti yake. Inawezekana pia sivyo. Njia ya kujua ni kumwuliza yeye, na nadhani hujamwuliza.

La pili: unadhani anaficha kosa lake. Rudi ukurasa wa 14. Ukuta wa plastiki ukiwa milimita 2, ubavu wa ndani kwa kawaida huwa nusu yake au zaidi kidogo, asilimia 50 hadi 60, yaani milimita 1 hadi 1.2. Ukiufanya mnene sawa na ukuta, pale vinapokutana plastiki inajaa, inachelewa kupoa, na inapopoa mwisho inavuta kila kilichoizunguka. Upande wa nje unabonyea, ukingo unapinda. Kiwanda kiliona hilo Oktoba na kikasema. Aliyekataa yuko Minneapolis. Mhandisi akilitamka kikaoni, mtu wa kwanza kuvuliwa nguo mbele ya watu ni mbunifu wenu, ambaye kwa kiwanda ni upande wa mteja. Wa pili ni bosi wa Dongguan aliyekubali kuchonga chuma huku akijua. Sasa mwonekano wa ile "inapaswa kusiwe na tatizo" unabadilika kidogo, sivyo? Pengine alikuwa anawalinda watu watatu, na wewe ukiwa mmojawapo, maana zile kijani tatu umezijaza kwa mkono wako.

Hapo kwenye kijani nitakugusa kidogo, usinune. "Mei wenti", hakuna tatizo, ni jibu. "Yinggai mei wenti" limeshapungua nguvu. "Jinliang", tutajitahidi, ni njano iliyokolea. Na "wenti bu da", tatizo si kubwa, maana yake ni kwamba tatizo lipo. Wewe umekulia kwetu, unamjua fundi cherehani wa wiki ya mwisho ya Ramadhani. Ukimwuliza "Alhamisi itakuwa tayari?" atakwambia "Inshallah, usiwe na wasiwasi." Hakudanganyi, amekustahi na amejipa matumaini kwa pamoja. Mteja mzoefu hamwulizi. Anapita Jumatatu na kusema amekuja kujaribu, na akikuta kitambaa bado kimekunjwa kwenye mfuko ule ule aliokileta nao, amejibiwa. Kalibu nayo ni hivyo hivyo. Swali la ndiyo au hapana limeliwa na adabu kabla halijafika. Omba kitu cha kuonekana.

La tatu ni huyu Mmarekani wako mnyoofu. Wamarekani husema wanapenda habari mbaya mapema, na wengi ni kweli, lakini nao wana vifuniko vyao. "Nimekusikia" mara nyingi ni hapana. "Tulizungumze pembeni" ni nyamaza. "Kazi nzuri sana, ila..." ni kwamba uzito wote uko baada ya ila, ilhali msikilizaji wa Kichina amebeba nusu ya kwanza na kwenda nayo kuchonga chuma. Na swali la "nani alikosea" kwa bosi wako huenda lilikuwa swali la kutafuta chanzo tu, kama anayeuliza taa ipi imeungua. Kule Dongguan lilisikika kama hukumu mbele ya hadhara. Sisemi alikusudia. Nasema kwamba ukimpelekea habari hii ikiwa mbichi, huna uhakika ataishika kwa mkono gani.

Sasa tuzitazame njia zako. Naziona nne, na hakuna iliyo safi.

Unaweza kunyamaza na kumwachia mhandisi mpango wake. Usiudharau: ukianza Januari 22 na kuhesabu Jumatatu hadi Jumamosi, siku ya 12 ni Februari 4. T2 inapigwa tarehe 5 au 6, kiwanda kinafunga tarehe 7. Kwa karatasi inawezekana. Lakini hakuna hata siku moja ya akiba, na wiki hiyo ndiyo mafundi wanaanza kupanda treni kurudi makwao, maana mwaka huu wa 2026 Mwaka Mpya unaangukia Februari 17. Fundi mmoja tu wa mashine ya kuchonga kwa cheche za umeme akiondoka mapema, kipande kinalala. Viwanda hurudi taratibu, vingine havijachangamka hadi Sikukuu ya Taa, Machi 3, na si kila aliyeondoka hurudi. Wakirudi Februari 25, siku 12 zinakufikisha Machi 10, na meli ya tarehe 20 umeikosa. Fedha za tarehe 20 Januari zitakuwa zimeshatoka zamani. Na kuna hatari moja ambayo hujaitaja na mimi naiona kubwa kuliko kuchelewa. Mbavu zikipungua kutoka milimita 2 hadi 1.1, uimara wa kiboksi kikidondoka unabadilika, na kama skrubu za bodi zinakaa kwenye vinguzo vilivyoungana na mbavu hizo, hata nafasi ya matundu inaweza kuguswa. Kalibu kubadilishwa bila kibali cha aliyechora ni jambo ambalo kampuni za Kimarekani hulichukulia vibaya kuliko tarehe iliyoteleza. Mhandisi anadhani analeta tatizo likiwa limeshatibiwa, na kwake huo ndio uungwana. Kwa bosi wako litaonekana kama bidhaa yake imebadilishwa nyuma ya mgongo wake.

Unaweza kumwandikia bosi leo, kila kitu, na jina la aliyekwambia. Utalala vizuri usiku mmoja. Jambo la kutazama ni baruapepe hiyo itakwenda wapi. Bosi wa Kimarekani akipata habari kama hii huibonyeza kwenda kwa wote wanaohusika, na meneja wa kiwanda yumo. Hapo mkubwa wa mhandisi anasoma kutoka kwa mteja jambo ambalo mtu wake hajamwambia. Mhandisi anaumia, nawe unabaki na mradi wa miezi kadhaa mbele ambao hakuna atakayekualika tena kula samaki. Kwa mtu wa kazi yako, hilo ni sawa na kupoteza macho.

Njia ya tatu ni kuiacha karatasi iseme. Wewe kama mratibu una haki ya ripoti ya vipimo vya T1, na kwa maelezo yako imeshachelewa. Iombe leo, rasmi, bila kutaja chakula cha Alhamisi. Ila uiombe vizuri, kwa sababu ripoti inaweza kuwa ya kweli na bado isiseme kitu: wanapima pointi tatu zilizonyooka na kukutumia. Omba vifuniko vitano kutoka kila chumba cha kalibu, yaani kila nafasi inayotoa kifuniko kimoja, vimeandikwa namba ya chumba, na vipimwe angalau saa 24 baada ya kutoka mashineni, kwani plastiki huendelea kutulia. Pointi nane kuzunguka mfereji wa gasketi, kifuniko kikiwa juu ya bamba bapa la mawe, na picha ya fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ikiwa imeingia kwenye mwanya. Kisha jaribio la maji. Kama mchoro unataka IP67, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, hiyo ni kina cha mita 1 kwa dakika 30, na karatasi ya tishu ndani ili tone lionekane. Ubaya wa njia hii ni muda. Ripoti inaweza kuchukua siku tatu au wiki, na mhandisi si mjinga, atajua kwa nini umeiomba leo. Akijisikia umemtega, umempoteza kama ungesema wazi.

Ya nne ni kurudi kwake, kabla ya kwenda kokote. Hii nitaikalia kidogo, si kwa kuwa nakuamulia, bali kwa sababu ina hatua nyingi na mpangilio wake ndio unaoibeba au kuiangusha.

Mama yako yuko sawa, mficha uchi hazai. Lakini hata mzazi humfunulia mkunga, hafunui sokoni. Mkunga wa kwanza hapa ni mkubwa wa mhandisi, kwa maana hiyo habari ina ngazi za kupanda na wewe si ngazi ya kwanza. Nenda Dongguan mwenyewe. Usimwandikie WeChat, maandishi hupigwa picha na kusafiri. Umkute peke yake, umwite kwa heshima yake, jina la ukoo na *gong* kama mnavyowaita wahandisi, na uchukue ukurasa wa 14 uliochapishwa. Anza kwa kumshukuru kwamba alikwambia. Halafu mwambie mambo mawili ambayo huenda hayajui: kwamba Januari 20 fedha zinatoka, na kwamba kipande kikichongwa bila Minneapolis kukubali, kazi yake nzuri itageuka kosa. Tarehe ya fedha itamsumbua yeye kuliko wewe, maana zikitoka kwa T1 mbovu, anayekuja kuulizwa ni yeye.

Kisha mpe nafasi ya kuwa mwenye habari. Maneno kama haya, kwa Kichina chako: "Sitaki jambo hili litoke kwangu. Ulilisema tangu Oktoba, na suluhisho ni lako. Ukilisema wewe, nitalitafsiri vizuri." Na useme mpaka wako bila kumficha: unaweza kunyamaza hadi Jumatatu saa sita mchana, baada ya hapo huwezi, kwa kuwa umeajiriwa na watu ambao fedha zao ziko njiani. Tishio halimo humo. Ni yeye kujua mahali ukuta ulipo kabla hajaugonga gizani.

Akikubali, mambo yangekwenda hivi. Leo au kesho anamwambia mkubwa wake. Usiwepo. Suala la nani analipia chuma litawapandia kichwani mara moja, na labda ndilo lililowafanya wakawa kimya muda wote huu. Mwombe walitenge na suala la tarehe. Kwanza ruhusa ya kuanza, hesabu ya fedha ifuate na ukurasa wa 14 mkononi. Jumatatu asubuhi yenu, kule bado Jumapili jioni, unamwandikia mbunifu wa Minneapolis peke yake, bila nakala kwa bosi. Usimwambie alikosea. Mwulize kama kuna sababu iliyofanya mbavu zibaki milimita 2, kwani inawezekana ipo, pengine jaribio la kudondosha, na kama ipo, kiwanda hakikuelezwa. Mwambie Jumanne suala litaletwa mezani. Mmarekani naye hapendi kushtukizwa mbele ya bosi wake, ingawa kwao hawaiti hiyo kulinda uso.

Jumatatu hiyo hiyo mchana, mhandisi au meneja wake anatuma barua rasmi, nawe unaitafsiri. Hapa kuna mtego wa kitaalamu. Mchina atapanga maneno kuanzia chanzo: plastiki hii, joto lile, mbavu hizi, kwa hiyo... Jambo lenyewe liko mwisho. Mmarekani husoma mistari miwili ya juu na kuamua kama ataendelea. Ukitafsiri kwa mpangilio ule ule, bosi ataona kiwanda kinajitetea. Ukitafsiri, geuza. Juu kabisa: uamuzi unaohitajika, kufikia lini. Kwa mfano: "Tunahitaji idhini ya kipande kipya cha kalibu kufikia Jumatano Januari 14. Tukianza siku hiyo kinakamilika Januari 27, T2 Januari 29, meli ya Machi 20 inabaki. Tukianza tarehe 22 hatuna akiba kabla ya sikukuu." Chini yake vipimo: 0.6 dhidi ya 0.2. Chini yake chanzo, kwa sentensi moja isiyo na jina la mtu: unene wa mbavu. Mwisho, ombi kwamba malipo ya T1 na oda ya bodi visubiri T2, au mbunifu athibitishe kwa maandishi kwamba matundu ya bodi hayaguswi. Kuanza tarehe 14 kunataka yule mteja mwingine asogezwe kwenye mashine, na hilo ni la mkubwa wa Dongguan, mhandisi hana uwezo nalo. Ndiyo sababu nyingine ya yeye kujua kwanza.

Jedwali lako likienda nyekundu Jumanne, liende baada ya bosi kusoma barua hiyo, si kabla. Na kama lile swali la "nani" litarudi saa nne usiku, watu wakiwa wamechoka, unayo nafasi ambayo mwingine hana: wewe ndiye unayetafsiri. Unaweza kuligeuza kuwa "ni hatua gani kwenye mchakato iliyoliachia hili lipite?" bila kumdanganya mtu, kisha umwambie bosi baadaye kwamba uliligeuza, na kwa nini. Kutomwambia kungekuwa tatizo jingine.

Na asipokubali? Hilo linawezekana. Anaweza kukasirika, au mkubwa wake akamwambia anyamaze. Hapo utabaki na ile ripoti ya vipimo na mpaka uliokwisha kumtajia, na utachagua ukijua yeye alikuwa na siku mbili za kutangulia. Unaweza kumwomba bosi asimamishe malipo hadi vipimo vije, kwa sababu hujaridhika na T1, bila kutaja nani alikwambia nini. Bosi mwenye akili ataelewa kwamba kuna zaidi. Ataweza kukubana, na huo usiku utakuwa mgumu. Fikiria mapema utajibu nini akikuuliza umejua lini. Ukweli kwamba ulijua Alhamisi na ukalishughulikia wikendi unabebeka. Ukweli kwamba ulijua na ukajaza kijani nyingine Jumanne haubebeki, na kibali chako cha kazi Uchina kimefungwa kwa mwajiri huyo mmoja.

Kuhusu deni la kufundishwa: sikwambii usahau. Mtu aliyekutambulisha kama mwanafunzi wake ana haki ya kusikia kutoka mdomoni mwako kabla ya kusikia kutoka Minneapolis. Kama hilo linamaanisha pia kumfichia kazi isiyofungika vizuri, ni swali ambalo wewe tu, unayejua alivyokufundisha, unaweza kulijibu.

Kazi ikianza, usiulize tena kama iko sawa. Omba picha tatu: chuma kikiwa kimekatwa, kikiwa kwenye mashine, na kikiwa kimepachikwa. Na T2 ikipita, bosi asiishie kuandika "inapendeza sana, songeni mbele". Kiwandani hayo husomeka kama idhini ya kila kitu, hadi rangi. Sampuli iliyokubaliwa isainiwe juu ya plastiki yenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, tarehe na jina, mbili zibaki Dongguan na mbili zije kwako.

Na hicho kikao cha saa nne usiku, mwanangu. Machi 8 Marekani wanasogeza saa mbele na Uchina hawasogezi, kwa hiyo kitakuwa saa tatu usiku kwenu. Wakati mnapanga kalenda upya, pendekeza zamu: wiki moja hivyo, wiki inayofuata saa mbili usiku ya Minneapolis, ambayo kwenu itakuwa saa tatu asubuhi, wakati wahandisi wameshakunywa chai na sampuli ziko mezani.